Niliambiwa goti halijavunjika, sasa kuna kipande kinaelea ndani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 26, naishi Tanga. Nimecheza mpira wa pete tangu enzi zangu za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na hadi mwaka huu nilikuwa nachezea timu ya walimu. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kila mtu ana lake, na mimi niliye katikati nimechoka.

Wiki saba zilizopita, kwenye mechi ya kirafiki, niliruka kudaka pasi nikatua kwa mguu wa kulia. Mchezo wetu unaujua, ukishadaka huruhusiwi kukimbia na mpira. Nikasimama papo hapo, nikageuza kiwiliwili kumtafuta mfungaji, mguu ukabaki palepale chini. Nikasikia "ko!" Pia ya goti ilikuwa imehamia upande wa nje, naiona kwa macho yangu. Nilipiga ukelele, nikaunyoosha mguu bila hata kufikiri, ikarudi yenyewe. Mechi haijaisha goti limeshavimba kama dafu.

Kituo cha afya cha jirani walinipiga eksirei, wakasema hakuna mvunjiko, ni kuteguka tu. Nikafungwa bendeji na kupewa dawa za maumivu. Bibi yangu hakuridhika, akanipeleka kwa mzee mmoja anayekanda. Nilikandwa siku tatu mfululizo kwa mafuta ya nyonyo. Shangazi, niliona nyota mchana. Uvimbe ulipungua baadaye lakini goti halijawa goti. Nikishuka ngazi linanasa, halikunji wala halinyooki, mpaka nilitikisetikise ndipo liachie. Kuna siku nikipapasa juu ya pia nakuta kitu kama punje ya hindi. Kesho yake hakipo.

Juzi nimekwenda hospitali ya mkoa. Daktari kanipiga picha nyingine goti likiwa limekunjwa, akaniambia kuna kipande cha mfupa kimebanduka na kinaelea ndani. Halafu akaanza kunikunja vidole, akaninyoosha viwiko, akaniuliza kama nimewahi kuinama nikaweka viganja vyote sakafuni bila kukunja magoti. Nikamwambia hadi mwezi wa sita nilikuwa naweza. Akasema nina viungo legevu mno, alama 7 kati ya 9, akanipa rufaa ya Dar kwa kipimo cha MRI (picha ya sumaku) na pengine upasuaji.

Mama anasema kupasuliwa goti ndio mwanzo wa kilema. Mjomba anasema kuna mkono wa mtu. Bibi ananipikia supu ya makongoro kila siku, anadai mifupa yangu haina kalsiamu. Mwalimu mwenzangu ananihimiza nifanye mazoezi ya kujinyoosha maana goti limekakamaa. Mimi kuna jambo moja linanishinda kabisa: tangu utotoni jina langu mtaani ni Mpira. Kidole gumba kinalala kwenye mkono, mguu naupeleka shingoni. Mtu laini hivi anavunjikaje? Mdogo wangu wa kiume, miaka 11, naye ni vilevile. Na harusi yangu ni Desemba.

Nifanyeje?

Mpira, Tanga

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na hilo linalokushinda, maana ukilielewa hilo mengine yatajipanga. Ulaini wako hauko kwenye mifupa. Mifupa yako, kwa maelezo yako, ni migumu kama ya mtu mwingine yeyote. Kilicho laini ni kano, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Wewe ni mtu wa Tanga, umeziona ngalawa pale ufukweni. Ngalawa iliyofungwa kwa kamba fupi bahari ikichafuka hutikisika kidogo tu. Iliyofungwa kwa kamba ndefu huenda mbali, ikarudi kwa kishindo, ikapigwa ubavu kwenye gati. Kamba haikukatika, lakini ubao umepasuka.

Goti lako limefanya hivyohivyo. Pia ya goti hukaa kwenye mfereji ulio mbele ya fupa la paja, na upande wa ndani kuna kano inayoizuia isitorokee nje. Kwa watu wenye viungo kama vyako kano hiyo huwa imelegea, na baadhi yao hata ule mfereji huwa hauna kina, au pia ya goti imekaa juu kuliko kawaida. Ulipotua na kugeuka huku mguu umeganda chini, pia ikaruka ukingo. Watu hudhani hapo ndipo mfupa unapovunjika. Mara nyingi unavunjika pale pia ya goti inaporudi. Ulipounyoosha mguu, msuli wa paja uliivuta kwa nguvu zake zote, ukingo wa ndani wa pia hiyo ukagonga kifundo cha nje cha fupa la paja, na kipande kikabanduka. Kipande chenyewe huwa na gegedu juu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na utando mwembamba wa mfupa chini yake, kama lipu inayobanduka ukutani ikaondoka na unga wa tofali.

Kwa hiyo mjomba nimwambie kwa heshima zote: mkono wa mtu siuoni hapa. Naona mguu uliobaki chini mwili ukigeuka. Magoti ya wachezaji wa mpira wa pete huumia hivyo kila msimu, hata ya wale wasio na ulegevu wowote, kwa sababu kanuni ya mchezo wenyewe inakulazimisha usimame ghafla.

Picha ya kwanza sasa. Nimekaa wodi za mifupa kama mtaalamu wa fiziotherapia miaka mingi, na sitamtukana aliyekuambia hakuna mvunjiko. Alisema alichokiona. Eksirei inaonyesha mfupa, gegedu haionyeshi, na utando ule mwembamba hujificha kirahisi nyuma ya mifupa mikubwa picha ikipigwa kwa mbele na kwa ubavu tu. Ndiyo maana daktari wa mkoa alikukunja goti, ili aitazame pia kutoka juu, ikiwa imekaa kwenye mfereji wake. Kilichokosekana siku ile ya kwanza ni swali moja tu: goti limevimba baada ya muda gani?

Nalirudia hili kwa kila msomaji wa safu hii. Goti linalovimba taratibu, ukalala na kuamka nalo limejaa, mara nyingi limejaa maji ya kiungo. Goti linalovimba ndani ya saa moja au mbili kwa kawaida limejaa damu, na damu ndani ya goti ina maana kitu kimechanika au kimevunjika, hata eksirei ikisema nini. Wangekufyonza kwa sindano siku ile wangeiona. Na lau wangeiacha damu hiyo kwenye kibakuli kidogo, pengine wangeona matone ya mafuta yakielea juu kama kwenye supu ya bibi yako. Mafuta hayo hutoka kwenye uboho, na uboho haumwagiki mfupa ukiwa mzima.

Kwa bibi tutumie adabu, maana nia yake ni njema. Supu ya makongoro haidhuru, inywe, ila haigundishi kipande kilichobanduka, wala si ukosefu wa kalsiamu uliokibandua. Na ikiwa shida ni kalsiamu, dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi kuliko supu ya mifupa, ambayo wengi tunaisifia bure. Ninachomuomba ni jambo moja: kukanda basi. Kukanda goti lenye damu mbichi huongeza uvujaji na maumivu, na hakuna vidole vinavyoweza kuingia ndani ya kiungo vikapachika kipande mahali pake. Sidhani mzee yule ndiye aliyekivunja, kilishavunjika uwanjani. Lakini siku tatu zile hazikukusaidia kitu. Na baada ya upasuaji, ukiona shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma, asiliguse mtu kabisa. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na kuikanda ni kuisukuma kuelekea mapafuni. Hapo ni hospitali, usiku ule ule.

Mama anaogopa kilema. Namwelewa, kila mtaa una mtu aliyepasuliwa goti akabaki anachechemea, na hadithi yake ndiyo inayosimuliwa. Ila kilema anachokiogopa kinaletwa zaidi na kuacha. Kipande kinachoelea ni kokoto ndani ya kinu. Kila linaponasa, kinakwaruza gegedu zima lililobaki, na gegedu likishaisha halioti tena kama lilivyokuwa. Upasuaji wenyewe siku hizi mara nyingi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, MOI, wanafanya upasuaji wa aina hiyo. Watakachofanya kinategemea ukubwa wa kipande na mahali kilipotoka. Kikiwa kikubwa, kina mfupa wa kutosha, na kimetoka sehemu inayobeba uzito, hukirudisha na kukishikiza kwa skrubu ndogo au vipini vinavyoyeyuka. Kikiwa kidogo hukitoa tu. Kukirudisha hufaa zaidi wiki za mwanzo, kabla kingo zake hazijawa duara zikakataa kuingia palepale zilipotoka. Wiki saba ni kuchelewa, sikufichi, lakini milango haijafungwa. Usizifanye miezi saba kwa kusubiri kikao cha ukoo.

Sasa ukifika huko, kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaulizi na baadaye wanajuta. Uliza: "Mkitoa kipande, ile kano ya ndani mtaifanyaje?" Kutoa kokoto bila kukaza kamba, kwa mtu mwenye alama 7, ni kuiacha ngalawa ilipokuwa. Kwa watu kama wewe pia ya goti iliyotoka mara moja ina tabia ya kutoka tena. Daktari anaweza kuona kwamba kano itengenezwe upya, kwa kawaida kwa kutumia ukano, yaani kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, unaochukuliwa nyuma ya paja, au akaona mazoezi yatatosha kwanza. Uamuzi ni wake baada ya kuona MRI. Wewe hakikisha swali limeulizwa.

Mwambie pia, bila kusubiri kuulizwa, habari za ngozi na ukoo wako. Alama 7 peke yake si ugonjwa. Kipimo hicho kinaitwa Beighton, kwa jina la Peter Beighton, daktari aliyefanya kazi Afrika Kusini. Yeye na wenzake walikitumia kupima viungo vya Watswana wa vijijini na kuchapisha matokeo yao mwaka 1973. Wanahesabu vidole vidogo viwili, gumba mbili, viwiko viwili, magoti mawili, na kuinama kimoja: jumla 9. Mtu mzima wa umri wako akifikisha 5 anahesabiwa kuwa na viungo legevu. Wanawake wanao ulegevu huu kuliko wanaume, watoto kuliko watu wazima, na wengi wao wanazeeka bila shida yoyote.

Lakini wapo wachache ambao ulegevu wa viungo ni dalili moja tu ya tatizo la kuzaliwa nalo kwenye nyuzi zinazoshikilia mwili mzima. Jiulize: ngozi yangu inavutika sana? Makovu yangu yanatanuka na kuwa membamba kama karatasi? Napata michubuko mieusi bila kugongwa? Kuna ndugu aliyefariki ghafla kwa kupasuka mshipa mkubwa wa damu? Kuna mrefu mno mwenye vidole virefu na matatizo ya macho au moyo? Kuna aliyevunjika mara nyingi tangu utotoni, na weupe wa macho yake una ubuluu? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, daktari anatakiwa kujua kabla hajashika kisu, kwa sababu jeraha la mtu kama huyo hupona taratibu na nyuzi za kushonea huachwa muda mrefu zaidi. Wapo hata ambao ganzi ya sindano haiwakolei vizuri, wakadhaniwa waoga. Kama uliwahi kung'olewa jino ukasikia kila kitu, liseme.

Mwalimu mwenzako ndiye aliyenitia hofu kuliko wote. Kujinyoosha! Goti lako halijakakamaa, limenasa. Ukilazimisha kulikunja au kulinyoosha unakiponda kipande dhidi ya gegedu. Na hata likipona, wewe ni mtu wa mwisho Tanga nzima anayehitaji mazoezi ya kunyoosha viungo. Kano ulizozaliwa nazo hazikazwi kwa mazoezi. Misuli inakazwa, na misuli ndiyo kamba yako ya pili.

Anza leo, kabla ya safari ya Dar. Kaa kitandani mguu umenyooka hadi unapofika bila kulazimisha, kunja kanga iwe kama mto mdogo, iweke chini ya goti, kisha kaza msuli wa paja kama unayeiponda kanga ile. Hesabu hadi tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Likinasa au likiuma kwa ndani, acha. Baada ya upasuaji mtaalamu wa fiziotherapia ataongeza misuli ya nyonga na makalio, ambayo wachezaji huidharau ingawa ndiyo inayoamua goti linaelekea wapi mtu anapotua. Kisha kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho wazi, halafu yamefumbwa. Watu wenye viungo legevu mara nyingi hawajui vizuri kiungo chao kiko wapi bila kukitazama, na hilo linafundishika. Linachosha, halina shangwe, na wengi huacha mwezi wa pili maumivu yakiisha. Kano ikitengenezwa, kurudi uwanjani ni miezi sita hadi tisa, wakati mwingine zaidi. Umesikia nilivyosema. Usinitumie picha ya mechi mwezi wa nne.

Darasani pia kuna jambo. Najua unavyosimama ubaoni: magoti umeyarudisha nyuma yakajifunga, mwili wote unaning'inia kwenye kano. Watu laini wengi husimama hivyo, maana misuli inapumzika. Jizoeze kuyaacha magoti yamelegezwa mbele kidogo. Goti linalozoea kurudi nyuma siku likisukumwa kwa kishindo huweza kuvunja ukingo wa mbele wa mfupa wa muundi, na nyuma yake ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu. Yeyote anayeumia namna hiyo akaona unyayo unakuwa baridi, unapauka au unakufa ganzi, hana muda wa bendeji wala wa kukandwa.

Nyumbani, choo cha kuchuchumaa usikitumie kwa sasa. Tafuteni kiti cha plastiki, fundi akate tundu katikati. Kama unaswali, swali umekaa kwenye kiti, dini imekupa nafasi hiyo. Bodaboda na mguu uliofungwa hapana, nimewapokea wengi waliotoka hospitali wazima wakarudi jioni ileile.

Mdogo wako. Miaka 11 na mwili wa mpira si mgonjwa, watoto wengi wako hivyo na hukaza wanapokua. Asikatazwe kucheza, mtoto asiyecheza hana misuli. Akatazwe tu yale maonyesho ya kujikunja kuwatisha wenzake, ambayo nina hakika aliyajifunza kwako. Na akianguka goti likavimba siku hiyohiyo, eksirei ikasema salama, asiishie hapo. Kwa watoto kano huwa na nguvu kuliko mfupa inaoshikana nao, hivyo ikivutwa hung'oka na kipande cha mfupa.

Desemba haiko mbali, lakini ukienda Dar mwezi huu utafika harusini ukitembea. Viatu virefu visahau, vaa makobazi mazuri. Kwenye kichen pati utakaa, wacheze wenzako. Mkipanga mtoto baadaye, mweleze mkunga kliniki habari za viungo vyako, maana mimba hulegeza hata vilivyokaza.

Kitu cha mwisho kabla hujapanda basi: chukua picha zote mbili za eksirei, ile ya kwanza pia, hata kama umeikasirikia. Daktari atataka kulinganisha. Ziweke kwenye bahasha ngumu, usizikunje, na usiziache kwenye kiti cha basi Chalinze ukishuka kunywa chai.